Betri chini ya godoro

Arusha, Jumapili jioni

Swahiba,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji. Picha za Hiace mnayoigeuza iwe gari la kulala safarini nimezipata. Kitanda kimekaa, na mapazia najua ni kazi ya shemeji, maana wewe na rangi mnajuana kwa mbali. Ila ile picha uliyofunua godoro kunionyesha betri imeninyima usingizi.

Betri ya maji, kubwa vile, umeifungia kwenye sanduku la mbao lisilo na hata tundu, inveta, ile ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, umeiweka humo humo, halafu juu yake walale watoto! Betri hiyo ikikaribia kujaa, volti zikipanda kwenye 14.4 hivi, maji yake yanaanza kugeuka oksijeni na haidrojeni. Haidrojeni haina rangi wala harufu. Ikifika asilimia 4 ya hewa ya mle sandukuni, cheche moja tu inailipua, na cheche ya swichi ya inveta wala huioni.

Lile kovu langu chini ya sikio niliwaambia ni pikipiki. Niliwadanganya. Nilichaji betri usiku kucha kwenye stoo isiyo na dirisha, asubuhi nikachomoa klipu bila kuzima chaja. Ukalia mlio kama bunduki, asidi ikanirukia usoni. Mama ntilie wa jirani ndiye aliyeniokoa macho: kata baada ya kata ya maji, karibu robo saa, huku akinitukana. Shati nililiona zima, lakini lilipofuliwa likatoka kwenye beseni limetoboka kama chujio.

Kwa hiyo inveta itoke humo kesho. Sanduku lizibwe vizuri upande wa ndani ya gari, lipumulie nje tu. Haidrojeni ni nyepesi, inapanda. Toboa juu kabisa, tia mpira wa inchi moja uende nje ukipanda, usilegee katikati. Tundu la kuingizia hewa liwe chini, upande wa pili, nalo litokee nje. Mtungi wa gesi ni kinyume: ile ya kupikia ni nzito, inatambaa sakafuni, basi kabati lake litobolewe chini. Nimeona watu wanachanganya hayo mawili.

Muuzaji atakwambia betri kavu, ile iliyozibwa isiyoongezwa maji, haitoi hewa. Inatoa, ikizidishiwa chaji. Betri ya lithiamu ya fosfeti ndiyo haitoi gesi katika matumizi ya kawaida. Kasoro yake haitaki kuchajiwa kwenye baridi ya chini ya sifuri, na wewe uko Morogoro, utaitoa wapi baridi hiyo?

Fyuzi pia sijaiona. Iwe kwenye waya wa chanya, isipite shubiri moja kutoka kwenye betri, maana waya ukichunika ukagusa bodi, ni fyuzi tu itakayokata. Betri yenyewe ifunge mkanda. Matuta ya Mikumi unayajua. Ukianza kufungua, hasi itoke kwanza na irudi mwisho, na hiyo pete ya ndoa mwachie shemeji mpaka umalize.

Ukisikia harufu ya yai viza, hiyo si haidrojeni bali gesi nyingine ya betri iliyozidishiwa chaji: zima chaja, fungua milango, usiwashe kitu.

Usiifunge mbao ya juu kabla hujanitumia picha. Safari ya Mikumi isogezeni wiki moja, watoto wataelewa.

Wako,
Fundi