Si kila mzee aliyesamehewa kodi Japani ni maskini

Mhariri,

Wanaoandika kuhusu uzee nchini Japani wana mazoea ya kuhesabu wazee wasiotozwa kodi ya wakaazi (kodi ya mapato inayokwenda kwa serikali za mitaa), kisha kuwaita wote maskini. Takwimu zenyewe ni hazina. Kila mkaazi mwenye miaka 65 na zaidi yumo katika bima ya utunzaji wa wazee iliyoanza Aprili 2000, ambayo mchango wake hupangwa kwa ngazi za pato, ya 1 ikiwa ya chini kabisa; na kila mwaka wizara ya afya hutoa idadi ya watu katika kila ngazi, manispaa kwa manispaa. Tatizo liko kwenye kuzisoma.

Ngazi ya 1 hadi ya 3 ni za wazee ambao nyumbani mwao hakuna hata mmoja anayetozwa kodi hiyo. Ngazi ya 4 na ya 5 ni za mzee asiyetozwa lakini anayeishi na mtu anayetozwa.

Katika kata 23 za Tokyo, mzee anayeishi peke yake kwa pensheni husamehewa hadi yeni 1,550,000 kwa mwaka: punguzo la pensheni ni 1,100,000, na pato linalosamehewa ni 450,000. Mstari wa umaskini wa mwaka 2021, yaani nusu ya pato la kati linalobaki mkononi, ulikuwa yeni 1,270,000. Mwenye 1,500,000, hata akishakatwa bima, kwa kawaida hubaki juu ya mstari huo.

Kwa wanandoa pengo ni kubwa zaidi. Mume mwenye pensheni ya 2,110,000 na mke mwenye 780,000 wote wawili husamehewa, ilhali mstari wa kaya ya watu wawili ni kama 1,800,000 nao wana 2,890,000. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalioni: ndani ya ngazi ya 1 hadi ya 3, mtu hupangwa kwa pato lake mwenyewe. Mume ataandikwa ngazi ya 3 na mke ngazi ya 1, pamoja na wanaoishi kwa msaada wa serikali wa kujikimu.

Pensheni ya mjane nayo haitozwi kodi, hivyo haihesabiwi. Mjane anayeishi peke yake, mwenye pensheni yake ya 700,000 na ya mjane ya 1,200,000, yumo ngazi ya 1. Akiba haiulizwi kabisa, na riba ya benki hukatwa kodi hukohuko benki, haifiki kwenye hesabu hii. Serikali yenyewe inalijua tundu hili: tangu Agosti 2015, anayeomba nafuu ya chakula na malazi katika makao ya utunzaji hukaguliwa akiba yake, na tangu Agosti 2016 pensheni ya mjane huingizwa hesabuni. Ngazi za mchango hazikuguswa.

Kosa la upande wa pili linatuuma zaidi. Bibi mwenye 400,000 anayeishi kwa mwanawe anayetozwa kodi yumo ngazi ya 4, na hesabu ya kaya zilizosamehewa haimwoni. Familia ikitenganisha kaya kwenye daftari la wakaazi, bila mtu kuhama chumba, bibi huyohuyo huangukia ngazi ya 1.

Anayetaka kipimo cha kuaminika aanze na ngazi ya 1 peke yake. Ukomo wake, uliokuwa 800,000 hadi Machi 2025 na 809,000 katika mwaka wa fedha ulioanza Aprili 2025, ni mmoja nchi nzima. Ukomo wa msamaha hubadilika: katika manispaa nyingi za mashambani ni 1,480,000, hivyo kulinganisha Tokyo na kijiji kwa idadi ya waliosamehewa ni kulinganisha sheria mbili. Kisha aombe manispaa imgawie ngazi hiyo kwa jinsia na ukubwa wa kaya, ili wake wa waume wenye pensheni nono watengwe. Ngazi ya 4 aiweke safu yake, asiitupe.

Miaka pia asiiunganishe ovyo. Hadi msamaha maalumu wa wazee ulipofutwa mwaka 2006, mzee wa peke yake alisamehewa hadi karibu yeni milioni 2.67. Baada ya hapo maelfu walianza kutozwa bila pensheni zao kuongezeka hata yeni moja, na mchoro usiotaja mabadiliko hayo utaonyesha umaskini ukishuka mwaka ambao wazee walipunguziwa fedha mkononi.

Tunaomba gazeti lako, kila linapochapa idadi hizi, litaje ni ngazi ipi na ni ya mwaka gani.

Wasomaji wako,
Wachambuzi wa takwimu za hifadhi ya jamii