Msizipige marufuku 109 zenye injini ya Toyota, zikagueni breki

Mhariri,

Kuna barua ilitoka humu gazetini, jamaa anataka magari yote yaliyobadilishwa injini yazuiwe barabarani, anayaita majeneza. Nimeisoma yote na sikukasirika, ila inanihusu maana gari ninayoijenga ndio hizo hizo anazozisema, Land Rover 109 Series III (109 ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) inayofungwa injini ya dizeli ya Toyota, 1HZ. Hofu yake naielewa kabisa, tatizo lake ni kwamba anaiogopa injini wakati injini ndio kitu salama kuliko vyote kwenye gari ile.

Kwanza ajue kwa nini watu wanafanya hivi, sio sifa tu (sifa zipo, nisidanganye). Injini ya asili ya 109 nyingi ni cc 2,286, ile ya dizeli inatoa farasi 60 na kidogo, sasa pakia watu na magunia halafu ukutane na mlima wa Kitonga, unapanda unalia na gia ya pili, nyuma yako mabasi yanapiga honi. Na spea orijino za injini ile siku hizi ni za kuagizia. 1HZ ni cc 4,164, silinda sita, farasi 130 hivi, haina tabo (turbo, ile feni ya kusukumia hewa ndani ya injini), pampu yake ya dizeli ni ya kimekanika, haina kompyuta ya kukuzimia gari porini, na kwa sababu imekuwa kwenye Land Cruiser za hospitali, za serikali, za mashirika na za watalii tangu mwaka 1990, hakuna mkoa utakaokosa fundi anayeijua. Ukiharibikiwa Kibondo utapata filta, utapata nozeli, na utapata mtu wa kuzifunga. Bodi ya Land Rover yenyewe ni ya aluminiamu haili kutu kama bati, kinachooza ni chesesi, ile fremu ya chini. Kwa hiyo mtu ana bodi nzima na injini mfu, unataka aitupe?

Lakini hapo ndipo kazi inapoanza na hapo ndipo jamaa angeelekeza kidole. Injini na giaboksi hazijawahi kuonana kiwandani, unaziunganisha kwa adapta, pleti nene ya chuma inayochongwa. Nenda Gerezani hapa Dar utakuta wachongaji wa aina mbili. Kuna anayepima kwa futi ya kamba anatoboa matundu anakwambia bosi imekaa, na kuna yule mzee wa mashine ambaye anaifunga ile pleti kwenye injini, anabana geji ya mshale kwenye flaiwili (lile gurudumu zito la nyuma ya injini), halafu anazungusha krenki kwa mkono polepole macho yakiwa kwenye mshale unavyofuata mzingo wa tundu, ukicheza hata robo ya milimita anafungua, anasogeza, anapima tena, hata ukimwambia una haraka hakusikii. Ya yule wa kwanza itatembea vizuri tu mpaka beringi ndogo ya katikati ya flaiwili iliwe, klachi ianze kutetemeka, sili ya giaboksi ivuje mafuta kwenye klachi, na siku ya kukuachia haikupigii hodi. Ukiangalia kwa nje hizo pleti mbili huwezi kuzitofautisha, zote zimepakwa rangi nyeusi.

Halafu uzito. Silinda sita ya chuma ni nzito kuliko ile ya zamani na ni ndefu, rejeta inasukumwa mbele, wengine wanakata mpaka paneli ya grili. Springi za mbele zikibaki zile zile gari inainama pua. Difu nayo, zile gia za kwenye ekseli, 109 ina uwiano wa 4.7, yaani propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli) inazunguka mara 4.7 tairi ikizunguka mara moja, kwa tairi za 7.50-16 ukitembea kilomita 100 kwa saa injini iko kwenye mizunguko kama 3,600 kwa dakika, hiyo ni karibu na mwisho wa nguvu za 1HZ, unajichosha na unamwaga dizeli bure. Wanaojua wanatafuta difu za 3.54, mizunguko inashuka mpaka 2,700 na ushee, gari inapumua.

Na ikishapumua inakimbia, ndio maana nasema breki. 109 ina breki za drami inchi 11 magurudumu yote, zilipigiwa hesabu ya gari ambayo ikifika 90 inaanza kuomba dua. Umeipa nguvu mara mbili, drami ni zile zile, kuna nyingine hata busta, kifaa cha kuusaidia mguu kukanyaga breki, hazina, na stelingi ina mchezo wa kutosha kukunja kona kesho yake. Hata yenye busta kuna mtego: injini ya dizeli haitengenezi vakyumu, ule mvuto wa hewa unaoendesha busta, kwenye inleti kama ya petroli, inategemea pampu yake ya vakyumu, sasa fundi akifunga injini akaacha paipu ya pampu bila kuiunganisha, au ameiunganisha na mpira wa maji ambao unajibana ukivutwa hewa, breki inakuwa ngumu kama jiwe unaikanyaga na miguu miwili. Garini hakuna taa ya kukwambia. Utagundua Kitonga hiyo hiyo, safari hii ukiwa unashuka.

Sasa mhariri nije kwenye ukaguzi. Kadi ya gari ina namba ya chesesi na namba ya injini, ukibadilisha injini kadi inabidi ibadilike, sawa, wizi wa magari upo na sipingi. Lakini jamaa yangu alipoipeleka ya kwake, mkaguzi alifungua boneti, akaomba tambara, akafuta mafuta pale kwenye namba, akasoma, akalinganisha na risiti ya injini, kazi imeisha. Hakuinama chini. Hakuuliza nani kachomelea mauntini, yaani vishikio vya injini, kwenye chesesi, hakukanyaga pedali ya breki. Gari ikapata karatasi safi kabisa na ilikuwa haijawahi kujaribiwa hata mteremko mmoja.

Waingereza waliozitengeneza hizi gari, kwa miaka mingi mamlaka yao ya usajili, DVLA, ilitumia pointi kuamua kama gari iliyobadilishwa inabaki na usajili wake. Chesesi ilikuwa na pointi 5, sospensheni 2, ekseli 2, giaboksi 2, stelingi 2, na injini pointi 1 tu, ulitakiwa ufikishe 8 na chesesi iwe ya asili au mpya isiyochezewa. Hebu zitazame hizo namba, sisi tumeigeuza, ile ya pointi 1 ndio tunaikagua peke yake.

Sitaki wakopi zima zima. Nataka ukibadilisha injini mkaguzi ashuke shimoni aangalie weldi za mauntini na propela, achungulie paipu ya vakyumu, halafu akae pembeni yako mwende mkafunge breki mahali. Ada ipande kidogo tutalipa. Na mchongaji aandike jina la karakana yake kwa panchi pale kwenye adapta, maana wale wazuri wengi wao hawana hofu na hilo, wengine tayari wanapiga alama zao.

Yangu iko juu ya stendi bado, nasubiri difu. Huyo jamaa wa barua akipita Tabata aje aone drami zilivyofunguliwa, na kama ana busta ya 109 ndani kwake anauza, aseme bei.

Mjenzi wa 109,
Tabata, Dar es Salaam