Kovu la ukeketaji lifunguliwe kliniki, lisingoje uchungu

Ndugu Mhariri,

Ngariba akikamatwa, habari huenea nchi nzima. Mama aliyekeketwa utotoni na leo ni mjamzito hana anayemwandikia, ilhali ndiye anayehitaji huduma sasa hivi. Tunazungumzia hasa Garissa, Wajir na Mandera, ambako wengi walifanyiwa aina ya 3 kati ya zile 4 zinazotambuliwa na Shirika la Afya Duniani: mashavu ya uke yalikatwa, kingo zikaunganishwa, na kovu likafunika tundu la mkojo na kuacha kijitundu tu. Mkojo hutuama nyuma ya kovu na kuleta maambukizi yasiyokwisha. Damu ya hedhi nayo hupita kwa shida.

Uzazi ndio wenye hatari kubwa zaidi. Utafiti wa shirika hilo wa 2006, uliohusisha zaidi ya wanawake 28,000 katika nchi sita, Kenya ikiwemo, ulionyesha kuwa wenye aina hii, wakilinganishwa na wasiokeketwa, hatari yao ya kuvuja damu nyingi baada ya kujifungua ilizidi kwa asilimia 70, na ya kufiwa na mtoto kwa asilimia 55.

Kliniki nyingi hupima tumbo na presha bila kuuliza lolote. Uchungu ukianza, mkunga hawezi kupima njia wala kupitisha mpira wa mkojo. Asiyefunzwa humkimbiza mama kwenye upasuaji, ingawa kovu peke yake si sababu ya upasuaji; au humkata msamba, yaani sehemu iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa, kwa nyuma na kuliacha kovu la mbele lichanike lenyewe hadi kwenye tundu la mkojo.

Mama aulizwe mapema, na akiridhia, kovu lifunguliwe katika miezi mitatu ya kati ya ujauzito. Kidole hupitishwa chini ya kovu, ganzi ya lignokeini ya asilimia 1 hudungwa kufuata mstari wa katikati, kisha mkasi hukata kuelekea juu huku kidole kikikinga. Tundu la mkojo likionekana, mkasi usimame hapo hapo: mara nyingi kinembe bado kipo chini ya kovu, na kikiguswa damu haikatiki upesi. Kingo za kila upande hushonwa peke yake kwa uzi unaoyeyuka. Zikiachwa mbichi hushikana tena. Kama uchungu umeshaanza, hatua ni zile zile, kidole kikikinga kichwa cha mtoto.

Kisha kuna suala la mkojo, ambalo husahaulika sana. Sasa utatoka kwa kasi na kwa sauti. Mama asipoambiwa mapema hudhani ameharibiwa, akarudi kuomba ashonwe. Wakati mwingine mama mkwe ndiye anayeomba. Asishonwe. Chini ya sheria ya Kenya ya 2011 inayopiga marufuku ukeketaji, kufunga upya ni ukeketaji: kifungo kisichopungua miaka 3 au faini isiyopungua Sh200,000, na ridhaa ya mama si utetezi. Mume naye aelezwe kliniki, pamoja na kusubiri wiki 4 hadi 6 kabla ya tendo la ndoa.

Tunaziomba idara za afya za kaunti hizo ziweke swali la ukeketaji kwenye hudhurio la kwanza la kliniki, na kila kituo kinachozalisha kiwe na mkunga aliyefunzwa kazi hii katika kila zamu, ya usiku pia. Vifaa ni vile vile vya kushonea msamba.

Wakunga,
Garissa