Barua kwa mwanangu: Baridi ya Aprili na maua ya miti

Newala, Mtwara
28 Mei 2018

Mwanangu mpenzi Somoe,

Assalaam alaikum. Sisi huku hatujambo. Baba yako na wadogo zako wanakusalimu sana, na funga inakwenda vizuri, ingawa kila tunapofuturu hukukumbuka wewe ambaye jua la huko linachelewa kutua. Kula daku ya kushiba, usijidanganye kwa chai peke yake.

Nimeisoma barua yako kwa makini, hasa pale uliposema kwamba wenzako chuoni wanafanya mzaha: kama dunia inazidi kupata joto, mbona Wisconsin imefunikwa na theluji mwezi wa Aprili? Umeniuliza mama yako niseme neno, nami nitasema yale ninayoyaona kwa jicho la bibi shamba mstaafu.

Kuhusu baridi yenyewe wenzako wana haki. Kumbukumbu za joto za majimbo ya Marekani zilizokusanywa tangu mwaka 1895 zinaonyesha kwamba Wisconsin na Iowa hazijawahi kuwa na Aprili ya baridi kama hii. Kule Green Bay mlipo, dhoruba ya tarehe 13 hadi 15 iliangusha theluji ya karibu sentimita 60, na ile picha ya baiskeli iliyofukiwa hadi usukani wadogo zako waliigombania mpaka simu ikaishiwa chaji. Hayo si ya kubishania.

Lakini mwezi huohuo bara la Ulaya lilipata Aprili yenye joto kuliko zote zilizowahi kupimwa huko, na tarehe 30 mji wa Nawabshah nchini Pakistan ulifikia nyuzi joto 50.2 za sentigredi. Wataalamu wa NOAA, taasisi ya Marekani inayofuatilia hali ya hewa na bahari, walipojumlisha bara na bahari zote, Aprili hii ilishika nafasi ya tatu kwa joto duniani tangu mwaka 1880. Mambo hayo mawili hutokea pamoja kwa sababu hii: juu angani hupita mkondo wa upepo wenye kasi unaotenganisha hewa baridi ya ncha ya kaskazini na hewa ya vuguvugu ya kusini, na mkondo huo haupiti kwa mstari ulionyooka. Unapojipinda kuelekea kusini na kukaa hivyo kwa wiki nyingi, walio ndani ya pindo hilo hutetemeka, na wale walio pale ulipojipinda kwenda juu huvua masweta. Safari hii ninyi mlikuwa upande wa kutetemeka. Anayetaka kuijua hali ya dunia kwa kuchungulia dirisha la bweni lake tu atapata shida, hata kama amesoma.

Hata hivyo, jambo ninalotaka ulishike kwa ajili ya masomo yako ni jingine. Mkulima haulizi tu baridi imeshuka hadi nyuzi ngapi, anauliza pia imeukuta mti ukiwa katika hali gani. Wewe umekua chini ya mikorosho, kwa hiyo sihitaji kukueleza sana. Unajua kwamba ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga, haulishughulikii jani lililokomaa, unafuata machipukizi na maua machanga, na ndiyo maana sisi hatupulizi salfa, dawa yake, kwa kufuata kalenda ya ukutani. Tunaingia shambani alfajiri, tunainua tawi na kutazama shada la maua, na tukikuta unga mweupe umeanza kushika vikonyo, bomba linawashwa siku hiyohiyo. Mwaka ambao mikorosho inachanua mapema, hesabu yote ya salfa inasogea nayo.

Sasa tazama ng'ambo ya ziwa lenu la Michigan, katika jimbo la Michigan, mwaka 2012. Machi ya mwaka ule ilikuwa na joto kuliko Machi zote zilizowahi kurekodiwa Marekani, watu wakatembea na fulana, na micheri, yaani miti ya yale matunda madogo mekundu ya cheri, ikadanganyika ikafungua vichipukizi vyake wiki kadhaa kabla ya wakati. Kisha Aprili ikaja na usiku wa baridi kama Aprili nyingine yoyote ya huko, wala haikuvunja rekodi, nayo ikaondoa takriban asilimia 90 ya mavuno ya cheri chachu. Kichipukizi kilicholala huvumilia baridi kali sana, lakini ua lililokwisha kufunguka, likipata nyuzi 4 chini ya sifuri kwa nusu saa tu, kwa kawaida hufa. Ninyi mwaka huu mmepata baridi ya kuvunja rekodi, ila haikutanguliwa na joto la kuiamsha miti, kwa hiyo ninatarajia kwamba cheri zenu zimechelewa tu na hazikuungua.

Kwa hiyo, wenzako wakikuuliza tena, waulize wao ni mwaka upi mkulima wa matunda alilia. Dunia inapopata joto miti inazoea kuamka mapema, wakati usiku wa baridi bado haujaondoka, na hapo ndipo hasara ilipo. Mimi, kama ningekuwa na shamba huko, ningeliogopa zaidi joto la Machi kuliko theluji ya Aprili.

Wakulima wa mahindi wa Iowa nao wana kilio chao, maana mbegu ya mahindi haioti vizuri udongo ukiwa chini ya nyuzi 10, na mwaka huu udongo wao ulibaki baridi muda mrefu. Hilo utalisikia darasani, silirefushi.

Umesema mwezi ujao mtapelekwa kwenye mashamba ya cheri ya Door County. Nenda na daftari. Muulize mwenye shamba miti yake ilichanua tarehe ngapi mwaka huu na tarehe ngapi mwaka 2012, na kama anazo kumbukumbu za baba yake, nakili zote. Kisha nitumie. Huku kusi imekwisha kuingia, mikorosho ya bondeni imeanza kutoa majani mapya, na baba yako ameshaanza kuulizia bei ya salfa.

Mama yako akupendaye