Risala ya Wafinyanzi kwa Mgeni Rasmi, Ufunguzi wa Chumba cha Maonesho, Dodoma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Mtendaji wa Kata,
Viongozi wa dini, wazazi na wageni waalikwa,

Mbukwenyi!

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kukubali kutufungulia chumba hiki. Ni chumba cha kupanga: mbele tunauza, nyuma tunafinyanga, uani tunachoma. Kikundi kilianzishwa na kina mama waliokuwa wakitandika gunia sokoni na kupanga vyungu juu yake. Vijana walijiunga baadaye, walipoona wanaojenga nyumba mpya mjini wanatafuta vyungu vya maua.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, udongo tunauchimba bondeni wakati wa kiangazi, maana mvua zikishaanza Desemba bonde halipitiki. Tunauloweka, tunatoa mizizi na kokoto, kisha tunauchanganya na vigae vilivyotwangwa ili chombo kisipasuke. Kinakaushwa kivulini, bila haraka. Siku ya kuchoma ndiyo roho juu. Vyombo vinazungushiwa kuni na kinyesi kikavu cha ng'ombe, na upepo wa Dodoma hauna adabu. Upande unaopigwa nao ndio unaopata nyufa. Moto ukishapoa, bibi zetu hugonga kila chombo kwa kifundo cha kidole. Kizima kinalia. Chenye ufa kinatoa sauti butu, hata kama jicho halioni kitu. Vyote utakavyovikuta mezani vimepita kwenye kidole hicho.

Moto huo wa wazi mara nyingi haufiki nyuzijoto 1,000 za Sentigredi. Kwa mtungi hiyo ni heri: maji hupenya kidogo kidogo kwenye vitundu vya udongo, hukaukia nje na kuyapoza yaliyobaki ndani. Kwa chungu cha mboga pia hatulalamiki (wapo wanaoapa kuwa mlenda wa sufuria si mlenda). Lakini kikombe kinachonyonya chai, hoteli gani itakinunua? Glezi, yaani utando kama kioo wa kuziba vitundu hivyo, kwa kawaida huhitaji joto kubwa zaidi. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, wageni wanatuulizia vikombe na sahani. Mtungi wanausifu, wanaupiga picha, wanauacha. Anayerudi Dar es Salaam na begi moja ananunua chetezo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tanuri tunalihitaji, ila tunaanza na udongo. Mji unakua, nasi tunafurahi, kwani wateja wetu ndio hao wanaohamia. Ila bonde tunalochimba limeanza kuwekwa vigingi vya viwanja. Si kila udongo unafinyangika. Ule mwekundu wa kichanga ukiukunja unakatikia mkononi. Tukiondolewa pale itabidi tulete udongo kwa gari, na chungu kitamshinda bei mama wa kawaida. Tunaomba kipande kidogo cha bonde kitengwe kwa wafinyanzi kabla hati hazijatoka. Kwa upande wetu tutafukia mashimo, maana wafugaji wanaolalamikia ndama kutumbukia wana haki.

Ombi la pili ni tanuri, la gesi ikiwezekana, kwa sababu kuni zinapatikana kwa shida na moshi unawasumbua majirani.

La tatu ni mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwetu bibi na mjukuu wake wa kiume wako kwenye daftari moja, hivyo fomu inatushinda tangu kisanduku cha kwanza. Tunaomba maafisa maendeleo ya jamii watuelekeze.

Baada ya kukata utepe, tafadhali pita uani. Vyombo vimeshapangwa, kuni zipo, na kiberiti tumekuwekea wewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi