Barua ya Wazi kwa Meya: Kabla ya Kujenga Ukumbi, Tupe Funguo

Mheshimiwa Meya,

Uliposoma bajeti na kutangaza kituo kikubwa cha kisasa cha sanaa na ubunifu, nilipiga makofi pamoja na wengine. Nilipofika nyumbani nikajiuliza: siku kitakapofunguliwa, nani atakuwa amebaki wa kukitumia?

Nina studio ndogo ya matangazo na katuni za video. Vijana wanne nimewafundisha kazi, watatu wamehama. Hakuna aliyeniaga akisema anafuata ukumbi. Wawili walishindwa na kodi ya mahali pa kufanyia kazi, wa tatu alichoka kudai ankara zake.

Najua washauri wako wanakutajia Bilbao, kule Hispania. Ni kweli, jumba la makumbusho la Guggenheim lilifunguliwa mwaka 1997 na wageni wakamiminika. Wanachoruka ni kwamba treni za chini ya ardhi zilikuwa zimeanza kufanya kazi tangu 1995, na mto Nervión, uliochafuliwa na viwanda kwa miaka mingi, ulikuwa ukisafishwa. Sisi tunataka kuanza na paa.

Mfano wa kutufaa ni Newcastle, ile ya Australia. Kiwanda cha chuma cha kampuni ya BHP kilifungwa mwaka 1999, na katikati ya mji maduka mengi yakabaki matupu. Mwaka 2008 Marcus Westbury, mwandaaji wa matamasha ya sanaa, akaanzisha Renew Newcastle, mpango wa kuwapa wasanii majengo hayo matupu. Hawakujenga wala kununua chochote. Waliwaomba wenye majengo wawaazimishe wasanii kwa kibali cha siku 30 kinachohuishwa, na mpangaji wa kulipa akitokea, msanii anafungasha. Kwa kuwa haukuwa mkataba wa upangaji, wenye mali hawakuogopa kukwama na mtu asiyetoka. Mafundi, wachoraji na wapiga picha wakaingia, taa zikawaka tena. Lonely Planet, wachapishaji wa vitabu vya kuongoza wasafiri, wakauweka mji huo katika miji kumi bora ya kutembelea mwaka 2011.

Sikufichi, siku 30 ni chache kwa mwenye mitambo mizito. Fundi wa vyungu hawezi kuhamisha tanuri kila mwezi. Lakini halmashauri ina maghala na ofisi zake yenyewe zilizofungwa, kufuli zimeota kutu. Kwa hayo hakuna mwenye nyumba wa kubembeleza. Toa mwaka mzima, hata miwili.

Halafu kuna malipo. Taasisi moja ya umma ilinilipa baada ya miezi tisa kwa kazi niliyoimaliza kwa wiki mbili, na katikati hapo nilikopa ili nilipe mishahara. Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2011, uliziwekea mamlaka za umma kikomo cha kawaida cha siku 30 kulipa ankara, na zikichelewa zinalipa riba. Ireland ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2022 ilianza majaribio ya kuwapa wasanii 2,000 euro 325 kila wiki. Mimi siombi kupewa. Naomba nilipwe nilichokwisha kufanyia kazi.

Orodha ya majengo matupu ya halmashauri ibandikwe hadharani kabla ya kikao kijacho cha baraza. Ufagio nitakuja nao mwenyewe.

Wako mtiifu,
Mwenye studio, aliyebaki na kijana mmoja