Bunduki ya kale haihitaji msasa

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu kuhusu makala mliyochapa wiki iliyopita, iliyowashauri wenye silaha za kale wazipige msasa, wazipake vanishi na kuzing'arisha upya. Nimeisoma mara mbili na roho imeniuma, maana ushauri huo huo niliufuata miaka kumi na minane iliyopita na mpaka leo najuta.

Nina leseni ya mkusanyaji, na ninachokusanya ni aina moja tu: Gewehr 98, bunduki ya Mauser ambayo jeshi la Ujerumani liliipitisha mwaka 1898. Ya kwanza kuipata ilitengenezwa katika kiwanda cha Danzig mwaka 1916, na namba za vipande vyake vyote zilikuwa zinaoana. Namba kamili ya bunduki ilikuwa imegongwa kwenye risiva (kiunzi cha chuma kinachobeba bolti), kwenye mtutu na kwenye shina la mkono wa bolti, kile chuma kinachosogezwa mbele na nyuma kuingiza risasi na kuifungia. Tarakimu mbili za mwisho, 38, zilirudiwa kwenye vipande vidogo: kitasa cha usalama, bamba la chini ya magazini, vikuku vinavyoshika mtutu na ubao, hata vichwa vya skrubu. Ni kwa sababu vipande vile vililinganishwa kimoja kimoja, na fundi aliyevilinganisha hakutaka vije kuchanganyika na vya bunduki nyingine.

Nikampelekea fundi mmoja aipendezeshe. Nilipokwenda kuichukua, ubao wa mti wa jozi ulikuwa laini kama meza mpya. Mihuri ya wakaguzi, zile taji ndogo zenye herufi chini yake, ilikuwa imeondoka na vumbi la msasa. Risiva ya bunduki hizi kwa kawaida iliachwa nyeupe, chuma kitupu. Yeye alidhani rangi imechubuka, akaitia weusi. Ile 38 kwenye skrubu ya mbele ilibaki kivuli, huioni mpaka uielekeze ubavu kwenye taa. Sikumgombeza. Mimi ndiye niliyemwambia aipendezeshe.

Wasomaji wajue kwa nini jambo hili ni zito. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliliacha jeshi la Ujerumani na askari 100,000 tu. Bunduki nyingi mno ziliharibiwa. Zilizobaki zilipitia karakana, zikafunguliwa kwa mafungu, na bolti ya hii ikafungwa kwenye ile. Iliyovuka yote hayo ikiwa na vipande vyake vilevile ilivyotoka navyo kiwandani ni shahidi, na shahidi haoshwi uso mpaka asitambulike. Hata mkwaruzo wa kitako ni sehemu ya ushahidi wake.

Kuna ubaya mwingine ambao makala haikuugusa: kugonga namba upya ili bunduki ionekane inaoana. Huo ni wizi. Mnunuzi asiridhike na tarakimu mbili, kwa kuwa 38 hurudi katika kila bunduki mia, na namba zenyewe zilianza upya kila mwaka katika kila kiwanda, zikifuatishiwa herufi kila zilipokaribia 10,000. Tazama umbo la tarakimu, tazama kama ukingo wake umechakaa sawa na chuma kinachouzunguka. Na mwenye nia ya kulenga shabaha nayo amwite fundi apime kwanza nafasi kati ya bolti na risasi, hasa kama bolti ni ya kuazima.

Bunduki ninayotunza sasa ni ya kiwanda cha Oberndorf, ya mwaka 1917. Kila mara naanza kwa kuhakikisha haina risasi. Chuma nakishika kwa glovu za pamba, kwa maana jasho la kidole huacha kutu yenye umbo la kidole. Nakipaka mafuta membamba, nafuta mpaka kitambaa kitoke kikavu. Ubao naupangusa vumbi tu, na mafuta ya kitani siyamwagi juu ya uchafu wa miaka mia. Mkanda wa ngozi nauweka kando, kwani ngozi hunywa unyevu na kuupeleka kwenye chuma. Skrubu siigusi bila bisibisi inayojaza mfuo wake sawasawa.

Imepungukiwa kitu kimoja, ufito wa kusafishia unaokaa chini ya mtutu. Mwaka jana muuzaji mmoja aliniletea ufito halisi wa zamani, hauna namba, akasema kwa dakika mbili angeugonga tarakimu zangu na hakuna ambaye angejua. Nilimrudishia mkononi. Tundu liko wazi mpaka leo, na kwenye daftari langu la kumbukumbu nimeandika: ufito haupo.

Mkusanyaji, msomaji wenu wa miaka mingi